Uso Haukunjwi Kama Shati

Mama Chaki, binti wa mshona viatu aliyevisha miguu ya mtaa mzima naye akatembea peku, mjukuu wa mkunga aliyepokea watoto wengi hata walevi wakipita mlangoni kwake walijinyoosha, mke wa mchimbaji aliyeteremka mgodini huku anaimba na asipande tena: huyo ndiye mwenye habari hii. Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, tena zuri, lakini nani alilitumia? Tangu usichana wake alipokalia cherehani, chaki ya fundi ilikaa nyuma ya sikio lake kama herini zilivyokaa kwa wenzake, na mtaa ukampa jina upya.

Mgodi ulipoporomoka, waliokuwa chini hawakutolewa. Hapakuwa na mwili wa kuosha wala uso wa kuuaga. Na habari ya picha ndiyo iliyommaliza. Walikuwa na picha moja tu, ya siku ya ndoa, kwenye fremu ukutani. Mvua za mwaka ule zikapita paani, maji yakajipenyeza, picha ikagandana na kioo. Mama Chaki alipoibandua taratibu kwa ncha ya mkasi, viatu vya mumewe vilitoka salama, suruali ikatoka, koti likatoka. Uso ukabaki kwenye kioo, umekuwa utelezi usio na jicho wala pua.

Basi mguu wake ukakataa pedeli. Alikaa mbele ya cherehani kutwa, vitambaa vya watu vimerundikana, binti yake mchanga akitambaa chini ya meza ya kukatia, anaokota vifungo. Mama mkwe, aliyehamia kwake baada ya msiba, mwanamke mwenye ulimi usiohitaji kunolewa, alimtazama mpaka akachoka.

"Mwanangu, wateja wako wataoa uchi."

"Waoe, Mama."

"Haya. Mimi nimesema."

Asubuhi moja akatandika karatasi ya kaki, ile ngumu ya kukatia, ili amalize walau shati la mteja mmoja. Mkono ukaenda unakotaka wenyewe. Bega la kulia likashuka kidogo kuliko la kushoto, maana ndilo lililobeba sururu. Kola ikasimama kwa nyuma, kwa sababu ya shingo nene. Mikono ya shati ikapandishwa hadi chini kidogo ya kiwiko. Hilo halikuwa shati la mteja. Mumewe alikuwa amelala pale mezani, amevaa shati lake la kazini, kuanzia kola kwenda chini. Mama Chaki alipoinua kichwa, chai yake ilishapoa, na akagundua kwamba tangu ashike chaki kifua hakijambana.

Tangu hapo, kila akimaliza kazi za watu, maana sasa alizifanya, alimchora. Akamchora anavua viatu, amebeba ndoo, amesimama mlangoni anatazama mvua. Mwili ule aliupima mwenyewe na kuushonea mwenyewe. Asingeusahau hata kwa dawa. Uso ndio aliouogopa. Kila mchoro uliishia kwenye kola. Miaka ikaenda, mtoto akawa mwari, akaanza kuuliza.

"Mama, hivi baba alikuwa na kichwa kweli?"

"Mshenzi wee! Alikuwa nacho, tena kikaidi kama chako."

"Mbona hukichori?"

Jibu lilimtisha. Uso ulikuwa unamponyoka. Zamani alikuwa akifumba macho anamwona. Sasa hata ndotoni mwanamume yule alikuja amempa mgongo. "Geuka basi," alimwambia, "geuka nikuone," naye akaenda zake kama mtu aliyeitwa na mwingine. Mama Chaki akajua kwamba akingoja zaidi, atabaki mjane wa koti.

Akajitosa. Lakini alijitosa kifundi. Fundi hachori shati zima: hukunja karatasi katikati, akachora nusu, akakata pande zote mbili pamoja, na akifunua anapata mabega yanayolingana. Naye akakunja kaki, akachora kwa ndani jicho moja, nusu ya pua, nusu ya mdomo, akaikandamiza mistari ihamie upande wa pili, akafunua. Uso ukatoka safi, haukupinda popote. Akampelekea mama mkwe uani, alikokuwa anachambua mchele.

Bibi akausogeza mbali, akausogeza karibu.

"Kijana mzuri. Wa nani?"

"Mama! Si mwanao?"

"Huyu? Huyu angeoa kwa matajiri, wewe angekupita."

Akachora mwingine, na mwingine, kila mara akikunja. Mashavu akayanenepesha, akayakondesha. Kila mara bibi akairudisha karatasi. "Huyu karani." "Huyu nimemwona kwenye boksi la sabuni." Mwishowe Mama Chaki akatupa chaki chini ikavunjika.

"Basi nieleze wewe uliyemzaa! Mimi amenitoka, Mama. Amenitoka kabisa."

Neno hilo hakuwahi kulitamka mbele ya mtu. Mkono wa bibi ukasimama ndani ya ungo.

"Nani alikuambia mwanangu alikuwa sawasawa pande zote?" akasema, safari hii kwa upole. "Jicho la huku lilitangulia kucheka. La huku lilifuata baadaye, kama limebembelezwa. Na mdomo ulipanda hivi."

Akaonyesha. Akacheka kama mwanawe alivyocheka, jicho moja mbele, jingine nyuma, mdomo umepanda upande.

Mama Chaki akaganda. "Usisogee, Mama."

"Mchele utaingia vumbi."

"Uingie."

Akaokota kipande cha chaki, akatandaza karatasi palepale uani, nzima nzima, akachora upande huu kivyake na upande ule kivyake. Alipomaliza, bibi hakuwa na mzaha. Aliipokea kwa mikono miwili, kisha akaiambia ile karatasi, "Ulikuwa wapi siku zote hizi, we mtoto?"

Kumtamani hakukwisha siku ile. Mama Chaki aliutundika mchoro mbele ya cherehani, na ziko jioni alizousemesha mpaka sindano ikakosa njia. Lakini alilala, akaamka, akashona. Habari zikaenea. Muuza mkaa wa jirani akaja. Alifiwa na dada yake na hakuwa na picha. Mama Chaki hakumuuliza uso. Alimuuliza, "Alipenda kuvaa nini?" Yule akaanza na gauni, akafika kwenye kiatu kilichombana dada kidole, akacheka, akalia, na kufikia hapo uso ulishaanza kutoka. Wakaja wengine. Wako waliokuja kuzungumza tu, wakaondoka bila mchoro, wameridhika.

Aliyenuna ni bibi. Alikuwa amekonda, amekuwa mtu wa kitandani, ulimi peke yake ndio uliobaki mzima.

"Kila marehemu wa mtaa huu umemchora. Mimi unaningoja nife?"

"Nakuchora leo, Mama."

Akavuta kiti, akachora. Alipotazama karatasi, alikuwa ni mumewe, amezeeka, amefungwa kitambaa kichwani. Akaanza upya: mumewe tena. Siku zilizofuata mambo yalikuwa yale yale. Jicho lake lilimtafuta mtu mmoja kwa muda mrefu mno. Likifika kwa bibi lilipita kama mtu apitavyo darajani, akili yote iko ng'ambo.

"Lete nione," bibi akasema. Akazitazama karatasi zote, moja baada ya nyingine. "Namwona yeye. Mimi je, niondoke hivihivi, bila kubaki popote?"

Mama Chaki akamwita binti yake, aliyekuwa cherehanini anashona pindo. Msichana huyu hakuwa na kumbukumbu yoyote ya baba. Akimtazama bibi, alimwona bibi. Mama yake akamkalisha kando ya kitanda, akampa chaki na karatasi.

"Mama, mimi sijui nyuso. Najua mapindo."

"Anayejua pindo anajua kutulia. Bibi yako amenishinda, kila nikimchora anatoka baba yako. Kazi hii sasa ni yako. Mchore yeye mwenyewe, na ulimi wake."

"Ulimi unachorwaje?"

"Muulize mwenye ulimi," bibi akasema, akijiinua kwenye mto. "Na pua unipunguzie, mke mwenzangu."

"Usimpunguzie chochote," Mama Chaki akasema. Akafungua dirisha lote ili mwanga umfikie mchoraji, akatoka, akawaachia chumba.