Koti la Miaka Sabini

Fundi cherehani wa mtaa wetu huongea na pini zikiwa mdomoni, kwa hiyo maneno yake hutoka yamebanwa. Kabla ya kukata hupitisha kiganja juu ya kitambaa mara tatu, kama anayepima homa ya mtoto. Jumapili baba anatimiza miaka sabini kule Sengerema, na hela yangu ilitosha kitambaa cha koti moja tu, hakuna cha kukosea. Kwa ajili ya vipimo nilimletea fundi shati la baba la zamani. Akachora kwa chaki, akafungua mkasi, akasita.

"Shati hili alikupa lini?"

"Mwaka juzi, nilipoenda mara ya mwisho."

Mkasi ulibaki wazi juu ya kitambaa. "Mpigie mama yako."

Nikapiga, nikaweka spika. Fundi akatema pini zote kiganjani. Sijawahi kumwona akifanya hivyo kwa mteja.

"Habari za huko, mama. Mzee anafunga mkanda tundu la ngapi?"

Mama akajibu, "Ya zamani yameisha. Ametoboa mengine matatu."

Fundi hakunitazama. Alifuta chaki kwa kidole gumba, akachora mstari mpya, vidole vinne ndani ya ule wa kwanza.