Sauti ya Nne ya Mama Imakulata

Leonia alizaliwa Ipole, binti wa mfuga nyuki. Alipokuwa na miaka kumi na miwili kifaduro kilimshika miezi miwili mizima, na kilipomwachia, sauti yake ilikuwa imeshuka, ikabaki huko huko chini. Dada zake walimcheka. Kanisani akajizoeza kuchezesha midomo tu, wenzake wakiimba.

Aliolewa Tabora mjini na Nikolaus, fundi wa reli. Walipata mtoto mmoja, Imakulata. Leonia alifua na kupiga pasi nguo za makarani, na akiwa peke yake na pasi yake ya mkaa, aliimba. Asubuhi moja mwalimu Justus alifuata shati lake, akasimama mlangoni ameduwaa.

"Hodi! Nikolaus, kumbe unaimba hivyo?"

"Nikolaus yuko karakana, mwalimu," Leonia alijibu kwa haya. "Ni mimi."

Justus alikuwa na kikundi cha waimbaji wanane, mbali na kwaya kubwa ya parokia. Hawakutumia kinanda. Waliimba nyimbo za Kilatini zilizotungwa Ulaya miaka mia nne nyuma, sauti nne zikifukuzana, na nyimbo mpya alizotunga Justus mwenyewe kwa Kinyamwezi. Leonia akawa wa tisa. Alipangwa sauti ya pili pamoja na wanawake, na kila nota za juu zilipofika, alinyamaza.

Wiki moja baada ya Pasaka ya mwaka 1953 walikuwa waimbe katika ukumbi wa parokia. Siku mbili kabla, mvua ilikata reli upande wa Kigoma. Tobias, gadi wa treni, ambaye ndiye pekee aliyeibeba sauti ya nne, ile nzito ya chini kabisa, akakwama huko. Masele wa sauti ya tatu alisema waahirishe.

"Nipeni mimi," Leonia alisema.

Masele alicheka. "Mama Imakulata, hiyo ni ya wanaume."

Hakubishana. Aliushika wimbo wa Kilatini pale sauti ya nne inapoingia, akateremka nao hadi nota ya mwisho, ile ambayo hata Tobias huifikia kwa kukunja uso. Masele aliacha kucheka.

"Basi simama karibu nami," akasema, "nisipotee."

Ukumbi ulijaa. Hata Bi Kuluthumu, jirani wa Leonia, alikuja na wanawake wa mtaani. Kilatini walikisikiliza kwa adabu. Ulipoanza wimbo mpya wa Justus, wenye mwendo wa watu wanaolima pamoja, makofi yalilipuka, kila upande na mapigo yake, waimbaji wakayumba. Leonia alikaza sauti, akapiga mguu sakafuni, na ukumbi mzima ukamfuata yeye.

Bi Kuluthumu akapiga kigelegele. "Jirani yangu huyo! Ndiye anayewapigia pasi!"

Tobias aliporudi alitaka asikie mwenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho. "Afadhali tuwe wawili," alisema. "Sasa nitapumua."

Msimu wa pamba walialikwa Igunga. Walisafiri kwa lori, juu ya magunia matupu, wakafika na vumbi hadi kwenye kope. Leonia alisukutua mdomo, akajipangusa uso kwa upindo wa kanga, akasimama mstari wa wanaume, kati ya Tobias na Masele.

Padre mwenyeji alimnong'oneza Justus, "Yule mama amekosea mstari."

"Subiri kidogo, padre," alisema Justus, akainua mkono kuanzisha wimbo.