Meli Iliyotia Nanga

Jumapili mchana, watu wa mtaa wetu wa Soweto wakirudi kutoka kanisani, mimi nilikuwa nafunga mapazia. Nje jua la Moshi limewaka, ndani naifanya sebule yangu kuwa usiku ili niingie bandarini kuzamisha meli. Jirani yangu alidhani nasumbuliwa na kipandauso, akawa ananipa pole. Sikumsahihisha. Mtu mzima wa miaka arobaini na sita atamwambiaje jirani kwamba anaendesha nyambizi?

Ulikuwa mchezo wa kompyuta. Mimi ni fundi wa kompyuta, na niliukuta kwenye mashine kuukuu niliyoinunua kwa ajili ya vipuri. Nilikuwa peke yangu mno wakati huo. Simu yangu ilikuwa inalia, lakini ni wateja. Kilema, kijijini kwetu, sikuwa nimepanda tangu tumzike mama, zaidi ya mwaka sasa, na kaka yangu, ndugu pekee niliyebaki naye, hakuwa amenipigia. Wala mimi sikumpigia. Nilikuwa nakula nimesimama jikoni, kwa sababu kukaa mezani peke yangu kulinichoma.

Katika mchezo ule nilipenda kazi moja tu, kuvizia meli zilizotia nanga. Meli inayokwenda inasumbua. Lazima ukadirie mwendo wake, na ikikushtukia inapinda. Iliyotia nanga haina makuu. Kwenye kijidaftari changu cha mahesabu niliandika kasi sifuri, basi. Kazi yote ni kufika. Unaingia usiku, injini umeishusha kabisa, na maji ya bandarini ni mafupi kiasi kwamba ukigunduliwa huna pa kuzama. Unapita pembeni ya boti ya doria, unainua darubini juu ya maji kidogo tu, unaishusha. Saa nzima inaweza kupita hujafyatua kitu. Nilikuwa na subira hiyo, na nilijisifia.

Siku moja nikaifikia meli kubwa, taa zake zote zinawaka, hata haina habari. Nilifyatua topido mbili. Ilikatika katikati ikakaa chini palepale, milingoti ikabaki imechomoza juu, maana hapakuwa na kina cha kuimeza. Siku nyingine ningeshangilia. Siku hiyo niliitazama ile milingoti nikamkumbuka kaka, nikajisikia vibaya hadi nikaizima mashine.

Niseme nilichomfanyia. Siku ya nne baada ya maziko, ukoo ulikaa kikao uani. Kaka alikuwa kwenye kigoda, kichwa kimenyolewa, kwa kuwa ndiye mkubwa wetu. Nyumbani kwetu mfiwa mkubwa hajibizani na mtu kwenye kikao kile; anakaa, anasikiliza. Nililijua hilo vizuri. Siku zote za msiba nilikuwa nimewapitia wazee mmoja mmoja, kwa upole, nikiwaambia kwamba kaka amesogeza mpaka na kumega sehemu yangu ya kihamba, shamba la urithi. Yeye alikuwa anahangaika na kaburi na wageni, hakujua lolote. Ilipofika zamu yangu nikasimama, nikayasema ya mpaka, kisha nikaongeza kwamba mama alikufa akisubiri kaka amalize kuvuna kahawa ndipo ampeleke hospitali.

Ilikuwa uongo. Mama mwenyewe ndiye aliyekataa kwenda, na alinikatalia hata mimi kwenye simu. Kaka aliinamisha kichwa, na kwa kuwa kilikuwa kimenyolewa, nikaliona lile kovu alilolipata utotoni aliponidaka nikianguka kutoka mtini. Nililiona, na bado nikamalizia maneno yangu.

Jumamosi iliyofuata baada ya ile meli, nilipanda gari la Kilema. Kwetu Uchagani aliyekosa haendi na maneno mengi. Anapeleka jani la isale, mmea wetu wa amani, na aliyepelekewa huona vigumu sana kulikataa. Mimi, mtu wa mjini, nikashuka kwenye gari mikono mitupu. Nikiwa njiani kuelekea kwa kaka nikaona masale yamejipanga chini ya migomba, mabichi, yamenawiri. Sikukata jani. Nilikata kichwa kizima na shina lake kwa kisu cha mfukoni, ili lionekane la heshima.

Nilimkuta akimkatia ng'ombe majani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuacha kazi. Nikalinyoosha isale kwa mikono miwili. Hakunitazama usoni, alitazama pale nilipolikata.

"Umelikata wapi?"

"Pale chini, kaka. Mpakani."

Nilipolitamka ndipo nilipoelewa. Masale ndiyo tunayopanda kuonyesha mpaka, na yale aliyapanda mama kwa mkono wake, mimi na kaka tukimshikia miche. Hayakuwa yamesogezwa hata hatua moja. Aliyeyagusa wa kwanza nilikuwa mimi.

"Umekuja kuniomba radhi na mpaka mkononi," alisema kaka. Hakupaza sauti. "Karudishe. Lipande palepale. Likishika, nitakwambia."

Nililipanda kwa kutoboa shimo kwa kijiti, nikarudi mjini bila kunywa hata maji ya kwake.

Wiki zikapita. Nisiwe mwongo tena, niliendelea kucheza. Lakini nikifika chini ya meli nilikuwa nakaa tu, darubini juu, nikitazama taa zake. Nilikuwa nawaza mbuzi wa jirani wa kaka, nawaza jua, nawaza kama kuna mtu wa kulimwagilia lile shina. Sikuwa na wa kumuuliza isipokuwa kaka, na kaka alikuwa amesema ataniambia yeye. Masika yakaanza, yakachanganya. Nilisikiliza mvua kwenye bati nikiomba inyeshe na Kilema.

Ilikuwa Jumapili, saa tisa mchana, mapazia yamefungwa, niko bandarini, simu ikalia. Jina la kaka kwenye kioo lilinifanya nisimame.

"Limeshika," alisema. "Limetoa majani mawili."

Nikasikia ng'ombe wake analia nyuma yake. Nilimwambia asante, kisha nikamwambia nakuja leoleo, nitafika hata kama ni usiku.

"Usije usiku," alisema. "Njoo mchana. Pita barabara kubwa, nikuone unavyokuja."

Akakata. Kaka yangu hajawahi kusikia habari za nyambizi. Nilibaki nimeshika simu, ile meli mbele yangu taa zinawaka, nikalia kwa mara ya kwanza tangu tumzike mama.