Mkate Ulionuka Mafuta ya Taa

Mwanangu, kuna siku moja nikiikumbuka nacheka peke yangu mpaka wajukuu wananishangaa. Nilikuwa na miezi mitatu tu ya ndoa, tukiishi kambini kwenye shamba la majani chai, huku Kericho. Mama mkwe wangu alisifika kambi nzima kwa mkate wa mahindi mabichi. Kila mwaka, mahindi ya kwanza yakiwa tayari, aliyasaga juu ya jiwe, akayafunga kwa majani ya mgomba, akapika, akawaita majirani wote. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima yake. Lakini mwaka huo mikono ilimvimba, akaanza kusema labda asiwaite watu tena. Nilimhurumia sana.

Basi alipokwenda sokoni Kiptere, nikachukua debe kuukuu, nikakata bati, nikalitoboa matundu kwa msumari, nikageuza upande wenye meno. Nikakwaruza hindi moja baada ya jingine. Jamani, kazi ya siku nzima ikaisha kabla ya saa sita! Nilijiona fundi kweli kweli. Nikapika, nikaenda mwenyewe kuwaita majirani. Kuonja? Wapi! Hata sikukumbuka.

Mama alirudi akakuta watu wameketi. Akamega mkate, akatia kinywani, akalitazama lile bati karibu na mafiga.

"Binti, hili debe lilikuwa la nini?"

Wee! Lilikuwa la mafuta ya taa, na mimi nilikuwa nimelisuuza kwa maji baridi tu. Wageni walitafuna polepole, macho chini. Nikatamani ardhi inimeze, maana nilikuwa nimemharibia mama wa watu jina.

Yeye akameza. "Majirani, kuleni taratibu," akasema. "Leo hatuwashi taa, tutawaka wenyewe." Watu wakacheka mpaka machozi.

Asubuhi akaniita. "Kifaa chako ni kizuri sana. Kosa lako ni kwamba hukuniuliza. Mimi ningenusa tu." Tukalichemsha bati kwa majivu, tukalisugua, kisha akakwaruza mwenyewe huku akiimba. Majirani wale wale wakaitwa tena, na hawakubakisha chembe.

Kwa hivyo, mwanangu, ukipata wazo jipya, lifanye, usiogope. Lakini kwanza kaa na yule aliyeifanya kazi hiyo kabla hujazaliwa, umwulize. Wala usimpe mtu chakula ambacho hujakionja. Na siku utakapokosea mbele za watu, Mungu akujalie mtu wa kumeza mkate wako na kukucheka kwa upendo. Kisha akujalie miaka mingi, nawe uwe mtu huyo kwa mwenzako.