Mwaka Ambao Hulda Hakuutupa

Mjini Butembo, hisa ya kampuni ya Tuvune haina bei mpaka Hulda aseme. Hana cheo kikubwa. Ni mhasibu wa kujitegemea na shemasi wa kanisa lake, na ofisi yake ni chumba cha mbele cha nyumba yake katika mtaa wa Mususa, kati ya mshona nguo na fundi anayechonga magurudumu ya chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukumia mizigo. Tuvune hununua kakao na kahawa, na wenye hisa ni wafanyabiashara wa mjini pamoja na wakulima wa vijijini ambao miaka ile ya mwanzo walilipwa nusu fedha, nusu hisa. Mmoja wao akitaka kutoka, mkataba wao unasema bei itatolewa na Hulda, na hakuna atakayebishana.

Wanabishana hata hivyo. Kila mtu huja na faida ya mwaka mmoja mfukoni: muuzaji na mwaka mnono, mnunuzi na mwaka mkavu. Hulda huwasikiliza wote wawili. "Mwaka moya ni kama mugeni," huwaambia. "Anaweza kuja na suti ya kuazima."

Yeye huchukua miaka kumi mfululizo. Lakini kabla ya kuijumlisha, huipima kwa kipimo kimoja, kwa kuwa fedha ya mwaka ule si fedha ya mwaka huu. Watu wa Butembo huhesabu kwa dola na huamini kwamba dola haiozi. Hulda alikulia nyuma ya meza ya mama yake sokoni, akipima maharagi kwa gigozi, lile kopo la maziwa ya watoto ambalo soko lote hulitumia, na aliona kwa macho yake dola ikipungua mwaka baada ya mwaka ndani ya kopo lilelile. Kwa hiyo faida ya kila mwaka huiuliza swali moja: siku zile ungenunua gigozi ngapi za maharagi? Kisha hurudisha maharagi hayo kwenye bei ya leo, hujumlisha, hugawanya kwa kumi. Hisa huuzwa mara nane ya fungu lake katika wastani huo. Ikiuzwa zaidi sana, mnunuzi amenunua ndoto. Ikiuzwa chini sana, muuzaji ameibiwa.

Sheria yake ya mwisho ni fupi: mwaka hautupwi. Waliwahi kumsihi atoe mwaka wa Ebola, kwa sababu mwaka ule haukuwa mwaka wa kawaida. Aliwauliza kama na waliokufa mwaka ule awatoe pia kwenye hesabu ya wenye hisa.

Mwezi wa pili, Abigaïl alikuja Butembo kutoka Mbau, kwenye barabara ya Beni kwenda Oicha. Mumewe, Ézéchias, alikuwa mkulima wa kakao mwenye hisa katika Tuvune. Mwanzoni mwa mwaka 2021 aliondoka nyumbani asubuhi na panga na mfuko, akaenda shambani. Siku hiyo wauaji wenye silaha waliingia mashambani, na watu wengi hawakurudi. Baadhi walionekana porini, wakazikwa. Yeye hakuonekana. Mwaka ulipotimia, ndugu walifanya walivyofanya babu zao mwili ukikosekana: walizika mgomba badala yake, ili kilio kiweze kwisha. Ni watu wa kanisa, waliona haya. Walifanya haraka, bila kumwita mzee yeyote, na mchungaji akajifanya ana safari.

Abigaïl aliingia ofisini pamoja na mnunuzi, Omer, mfanyabiashara mnene wa mabati ambaye tayari alikuwa na hisa nyingi.

"Yaya Hulda," Abigaïl alisema, kama anayemwita dada mkubwa, "Papa Omer anasema action, hisa ya bwana yangu, hapana tena na bei."

"Hapana miye nasema, ni ma-chiffres ya hesabu inasema," Omer alijibu. "Mwaka jana malori mbili iliunguzwa mu njia. Faida iko wapi? Ngombe unaiuza juu ya maziwa ya leo, hapana ya zamani."

"Na ngombe yenye ilikosa majani mwaka moya, Papa Omer, utaiuza bei ya mbuzi?"

"Aka! Weye na maharagi yako! Siku moya utatulipa mu gigozi."

Abigaïl hakucheka. Alitaka kitu kimoja: kiwanja mjini Butembo, katika mtaa wa Vulamba, na nyumba ya mbao ya vyumba viwili juu yake, kwa ajili ya watoto wake, Shalom na Christa. "Kule Mbau batoto banalala na viatu," alisema. "Ili tukikimbia, hapana kutafuta."

Bei ya Omer ingemnunulia mlango na labda dirisha.

Hulda alipiga hesabu siku mbili. Wastani wa miaka kumi ulitoa bei ya kiwanja na ya nyumba. Angeweza kutia sahihi hapo. Lakini mwaka mmoja ulimsumbua. Ulipopimwa kwa maharagi, mwaka 2022 ulisimama peke yake kama mkalitusi katikati ya shamba. Ndio mwaka ambao vijiji vingi vya upande wa Mbau vilikuwa vitupu na kakao iliiva ikaanguka bila mtu wa kuichuma. Kampuni ilipata wapi faida kubwa kuliko miaka yote? Hulda hatupi mwaka; lakini pia hatii sahihi juu ya mwaka asioujua. Alipanda taksi kwenda Beni, kwenye depo ambako kakao yote ya upande ule hupokelewa.

Mtunza depo ni Timothée, mtu mwembamba anayeongea kana kwamba kuna mgonjwa chumba cha pili. Ana desturi aliyoirithi kwa waliomtangulia. Wakulima wengi hawana sahihi, ila kila mmoja ana namna yake ya kufunga mfuko. Kwa hiyo Timothée hafungui fundo. Huikata kamba chini yake, hulihifadhi, na mkulima akija kulalamikia uzito, fundo lake humtambulisha. Mafundo ya kila mwaka hutungwa kwenye waya mmoja, nao waya hutundikwa ukutani. Na mkulima akimaliza kabisa, akawa hana tena mavuno ya kuleta, hurudisha mfuko wa kampuni ukiwa mtupu, umekunjwa, akauweka mlangoni.

Hulda aliutazama waya wa 2022. Mafundo ya nailoni yalikuwa machache. Waya wote uliobaki ulijaa fundo la aina moja, la gome la mgomba, lililosokotwa mara mbili kwenda kushoto, mkia wake ukafichwa ndani.

Alilijua. Kila mwenye hisa alilijua. Ézéchias alipoteza kidole gumba cha kulia kwenye mashine ya kukoboa kahawa, na tangu hapo alifunga kwa mkono wa kushoto. Kwenye mikutano walikuwa wakimtania kwamba mifuko yake imesukwa nywele.

"Timothée. Ézéchias alipotea 2021."

"Najua, mama. Ku kilio nilikuwa."

"Na hii ni ya 2022."

"Ni ya 2022."

"Nani aliyafunga?"

Timothée alifuta mizani kwa kitambaa, ingawa ilikuwa safi. "Mifuko ilikuwa inafika asubuhi, mama. Nafungua mulango, iko pale. Chini kuna umande, lakini kakao ya ndani ni kavu, imechachuka muzuri, classe ya kwanza. Hapana alama ya pikipiki, hapana ya chukudu. Basoda ba kulinda barrière mu njia banasema hapana kuona mutu. Nilipima, nikaandika, nikangoja mwenyewe akuje kulipwa makuta yake. Hakuna mwenye alikuja. Mwisho wa mwaka, bureau ya Butembo ikasema: makuta yenye haina mwenyewe ni faida."

"Na kisha 2022?"

"Inakuja tu. Kila musimu, kidogo kidogo." Alisogea kwenye waya wa msimu huu, akagusa fundo la mwisho kwa ncha ya kidole. Gome lilikuwa bado kijani. "Hii ni ya juzi."

Hulda aliketi juu ya mifuko. Hakutaka kulitazama fundo, akageukia hesabu, ambayo walau ilikuwa kitu cha mezani. Mwaka 2022 ulikuwa umevaa suti ya kuazima. Kakao iliyopokelewa na kuuzwa bila kulipwa si faida, ni deni. Ukiivua, mwaka unabaki mahali pake, ila unarudi kwenye urefu wake. Wastani unashuka, na bei ya hisa inashuka nao, juu kidogo ya bei ya Omer. Kiwanja kinaondoka.

Lakini deni lina mwenyewe. Mke anaweza kupokea malipo ya mumewe aliye hai. Hiyo ni kawaida ya depo. Ila maiti haileti kakao. Abigaïl akiuza hisa kama mjane, amekiri kwamba mumewe alikufa 2021, na mifuko si yake. Akidai mifuko, mumewe yu hai, na hisa haiuzwi bila mkono wake.

Kulikuwa na njia ya tatu. Hulda angeweza kunyamaza, atie sahihi ile bei ya kwanza, Omer alipe, watoto wavue viatu. Aliifikiria njia hiyo kwa muda mrefu kuliko alivyopenda. Kisha akamwomba Timothée fundo moja, akatafuta pikipiki ya kumfikisha Mbau kabla askari hawajaifunga barabara, kama kila mchana.

Abigaïl alikuwa akimenya mihogo uani. Hulda alimwekea fundo mkononi, akamwambia lilikotoka. Abigaïl alisimama, akajifuta mikono.

"Kuya uone, Yaya."

Nyuma ya nyumba, mahali walipouzika ule mgomba, ulisimama mgomba mrefu, wenye majani mapana yasiyo na tundu hata moja.

"Tulizika na muzizi yake," Abigaïl alisema. "Bazee bananiambia kisha: muzizi inakatwa, inapitishwa ku moto, ili yote ioze na mutu apumzike. Siye tulijua nini? Tulijua ma-cantique ya kanisa tu. Ikaota."

Hulda alikaribia. Kwenye shina, gome lilikuwa limechunwa kwa vipande vyembamba, vya upana mmoja, vyote vikianzia kulia na kwenda kushoto. Pale chini, utomvu ulikuwa bado unatiririka.

"Nani anachuna?"

"Kwanza nilisema ni mbuzi." Abigaïl aliliinua fundo, akalilinganisha na jeraha la karibu zaidi. Upana ulikuwa uleule. "Mbuzi hapana na kisu."

Hakukuwa na upepo, lakini jani moja la juu lilitikisika, likaacha. Hulda aliongea haraka. Alimweleza bei ya kwanza na bei ya kweli, hisa na deni, mjane na mke. Alimwambia pia: "Nikinyamaza, unapata parcelle, kiwanja yako."

"Na mi nitakuwa nimemuuza na kakao yake mwenyewe."

"Ndiyo."

Abigaïl alilipindua fundo mkononi. "Ku hesabu yako, Yaya, mutu anaweza kuwa nusu? Nusu yuko, nusu hapana?"

"Hapana. Wastani ni ya miaka. Hapana ya batu."

"Basi andika anaishi," Abigaïl alisema. Hakusema kama anaamini. Hulda naye hakumuuliza.

Mkutano wa wenye hisa ulifanyika Butembo mwezi uliofuata, ukawa na kelele.

"Tunalipa pepo sasa?" Omer aliuliza. "Tutaiwekea na prime, zawadi ya mwisho wa mwaka?"

"Tunalipa kakao, Papa Omer. Iliuzwa, ao haikuuzwa?"

"Iliuzwa."

"Ilikuwa pepo mu kikombe ya Wazungu?"

Watu walicheka, na kicheko kile kilimshinda Omer kuliko hoja. Hisa ilibaki kwa jina la Ézéchias. Deni lote, tangu 2022 mpaka msimu huu, lilipitishwa. Halikutosha kununua kiwanja. Lilitosha kupanga nyumba ya vyumba viwili katika Vulamba na kuwalipia Shalom na Christa shule, na jirani zao wapya hawajui kwamba watoto wale waliwahi kulala na viatu.

Abigaïl alikwenda Beni kuchukua fedha mwenyewe. Timothée alimwomba sahihi. Badala yake alitoa mfukoni gome alilolichuna kwa mkono wake kwenye ule mgomba, akafunga fundo lake, lisilofanana na la mumewe, likielekea kulia. Alilitunga kwenye waya wa msimu, ubavuni mwa lile la kijani.

"Ili ajue nimepokea," alisema.

Msimu uliofuata ulipoanza, Hulda alimpigia Timothée simu kama kawaida, kuuliza mavuno yanaendaje. Alitaka kujua na jambo lingine, lakini aliliweka mwisho.

"Ile mifuko?"

"Haiji tena, mama."

"Na fundo ya Abigaïl?"

"Hapana ku waya. Zingine zote ziko, zake Ézéchias ziko. Ile moya tu."

"Uliifungua weye?"

"Depo ilikuwa na kufuli." Alishusha sauti zaidi, mpaka Hulda akalazimika kuziba sikio la pili asisikie patasi ya fundi wa chukudu. "Leo asubuhi nilifungua mulango. Kulikuwa na mufuko moya ya kampuni."

"Ya kakao?"

"Mutupu, mama. Imekunjwa muzuri."