Ndama kwa Saruji ya Bafu

Bafu letu pale Kirolirwe lilikuwa uzio wa matete na mawe manne ya kukanyagia. Mke wangu alipoteleza humo akiwa mjamzito, nilipima sakafu kwa kamba, nikaandika mahitaji: mifuko mitatu ya saruji, mchanga wa mtoni, siku mbili za fundi. Jumla yake ilikuwa bei ya ndama mmoja.

Nilimsomea kaka yangu mkubwa orodha hiyo, nikamwambia nitauza ndama.

“Ng’ombe anatoka zizini kwa mahari ao kwa ugonjwa,” alisema. “Wewe unamuuza sababu ya kunawa miguu?”

“Kaka, tungoje mutoto afie tumboni, kisha njo tuuze?”

“Watu watacheka.”

“Wacheke. Wakimaliza, waje kuoga.”

Siku ya soko nilimpitisha ndama mbele ya nyumba ya kaka, mchana, nikisalimia kila niliyekutana naye.