Jina la mama mukwe kati ya matusi

Kwenye tovuti ya radio yetu hapa Kindu, miye njo niliandika programu inayokataa tangazo lolote lenye tusi. Siku mama mukwe aliponiita muvivu mbele ya wageni, niliingiza jina lake, Mangaza, kati ya matusi. Ile hasira hata leo sijaimaliza.

Jana muzee mumoja alifika kwa pikipiki kutoka Lubutu. "Natafuta dada yangu, tulipotezana wakati wa vita. Kila nikituma tangazo, mashine yenu inasema jina lake ni tusi."

"Jina gani, papa?" shefu wetu wa radio akauliza.

"Mangaza."

Shefu akaniangalia, maana hayo maneno nayaingiza miye peke yangu. Mama mukwe alikuwa amefika mulangoni, mutoto wangu mugongoni, amemuleta anyonye.

"Mangaza iko tusi tangu lini?" mama mukwe akauliza.

Muzee akageuka kwa sauti ile, akalia. Wakakumbatiana. Kisha wote wawili wakanigeukia.